Sega Linalorudi Mzingani: Kutoka Gogo Hadi Fremu, Bungu na Delta ya Rufiji

Mrinaji wa asali wa mwaka 1900, kama angeingia usiku wa leo katika chumba ambamo mfugaji mdogo wa Bungu anakamua asali, angekuwa na mengi ya kutazama: pipa la chuma linalozungushwa kwa mkono, vazi jeupe lenye wavu usoni, ndoo zenye bomba chini. Lakini swali lake lingekuja mwishoni kabisa. Angeona sega limetolewa asali yote, limebaki zima na vitundu vyake, na badala ya kutiwa chunguni likapangwa kando ili kesho jioni lirudishwe kwa nyuki. Angeuliza: mbona mnatupa mali?

Kwake yeye sega ndilo lililokuwa mali. Asali ililiwa nyumbani, ikatibu kikohozi, ikapelekwa kwa wakwe. Kilichofungwa kwenye mzigo na kupelekwa pwani ni nta. Habari hii inahusu namna sega lilivyoacha kuwa zao likawa chombo cha kazi, kama jembe au wavu wa samaki. Kwenye semina za ufugaji habari hiyo husimuliwa kwa ufupi: wazee hawakujua, wataalamu wakaja, watu wakajua. Ukiifuata hatua kwa hatua unakuta wazee walijua sana, ila soko lao lilitaka kitu kingine.

Bungu ni mahali panapofaa kuisimulia. Mji huu mdogo wa wilaya ya Kibiti, mkoani Pwani, umekaa kando ya barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara, ukishapita Jaribu Mpakani na kabla hujafika Kibiti. Hapo ndipo inapochepuka njia ya Nyamisati, bandari ya vyombo vya Mafia. Mikorosho, minazi na miembe inakuzunguka pande zote. Ukishuka mashariki unaingia kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki, zaidi ya hekta 50,000. Ukielekea magharibi unakuta pori. Mkorosho, mnazi, ufuta, mchu wa kwenye matope, mtondoro wa porini: kila mmoja huchanua kwa majira yake, na nyuki wa Bungu wanapita katikati ya majira hayo yote.

Zama za nta: kabla ya 1890

Mzinga wa gogo ni kifaa chepesi kukieleza na kigumu kukiboresha. Gogo hupasuliwa, likachimbwa ndani, vipande viwili vikafungwa tena pamoja, ncha zikazibwa na kuachiwa tundu la nyuki kupitia. Wengine hawakuchimba gogo, walibandua gamba la mti wa miombo likiwa zima na kulishona kama bomba. Mzinga hutundikwa juu, mbali na nyegere na siafu, na mwenye nao husubiri. Nyuki wa Afrika huhamahama. Koloni likikuta nyumba tupu yenye harufu ya nta, huingia. Kwa hiyo mfugaji hakununua nyuki wala hakuwalea. Alitundika mizinga mingi, makumi kwa makumi, akijua kwamba baadhi itabaki mitupu.

Kurina kulifanywa jioni au usiku, maana nyuki hawa ni wakali na giza huwapunguza kasi. Mtu alipanda na kamba, kisu na kienge cha makuti makavu au majani kinachofuka moshi. Alifungua ncha, akapuliza moshi, akaingiza mkono na kukata. Masega yamejengwa yakashikamana na dari na kuta za gogo. Hakuna namna ya kulitoa moja, ukalitazama na kulirudisha. Lililokatwa limekatwa. Lenye asali, lenye chavua, na mara nyingi hata lenye majana, yote yaliingia chomboni. Mrinaji makini aliacha upande mmoja wa mzinga bila kuugusa ili nyuki wasihame. Asiye makini alikuta gogo tupu wiki iliyofuata.

Nyumbani masega yalikamuliwa kwa mikono au kupitishwa kwenye kitambaa. Makapi yakachemshwa kwa maji, nta ikaelea, ikapoa, ikawa mkate wa njano. Mkate huo ndio uliosafiri. Nta haichachi, haimwagiki, na inabebeka kichwani kwa siku nyingi bila kupungua thamani. Asali ni kinyume chake katika kila jambo hilo.

Biashara hiyo ni ya kale. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16 kuhusu miji ya pwani yetu, aliitaja asali, nta na pembe za ndovu kuwa bidhaa ambazo watu wa Mombasa walizipata kutoka bara. Katika karne ya 19, Zanzibar ilipokuwa soko kuu la pwani yote, nchi ya Wazaramo, Wandengereko na Wamatumbi ilitoa sandarusi, kisha mpira wa porini, na pamoja navyo nta. Bidhaa zote tatu zilitoka msituni, zilikusanywa na watu wenye mashamba yao ya mpunga na mtama, wakiingia porini kazi ya shamba ikilegea.

Katika hesabu ya namna hiyo, kukata sega zima hakukuwa uharibifu. Mwenye kuuza nta anataka nyuki wajenge sega jipya kila mwaka. Gogo, kisu na chungu vilimtosha, tena vilimtosha vizuri.

Wakati huohuo ng'ambo: 1851 hadi 1865

Ulaya na Marekani zilikuwa na shida nyingine. Sukari ya bei nafuu ilikuwa ikienea, na mfugaji alihitaji asali safi, nyingi, inayomwagika bila majana wala chavua ndani yake. Majibu yalipatikana ndani ya miaka 15 tu, moja likiita jingine.

Mwaka 1851 mchungaji Lorenzo Langstroth wa Philadelphia alitambua umuhimu wa nafasi ambayo nyuki huiacha wazi. Pengo likiwa kubwa watajenga sega, likiwa dogo mno wataliziba kwa gundi yao, lakini likiwa kati ya milimita 6 na 9 hivi wanaliacha kama njia ya kupita. Akatengeneza sanduku ambamo fremu za mbao zinaning'inia zikiwa zimezungukwa na pengo hilo pande zote. Fremu ikawa inanyanyuka bila kukata kitu, na hataza yake ilitolewa mwaka 1852. Mwaka 1857 Mjerumani Johannes Mehring alichapa karatasi za nta zenye alama za vitundu, ili nyuki waanzie hapo kujenga, wima na sawasawa.

Kisha akaja Franz Hruschka, meja mstaafu wa jeshi la Austria aliyefuga nyuki karibu na Venice. Inasimuliwa kwamba alimwona mtoto wake akizungusha kikapu chenye kipande cha sega, asali ikarushwa nje. Kisa hicho kiwe kweli au kiwe hekaya, mashine aliyoionyesha mjini Brno mwaka 1865 mbele ya mkutano wa wafugaji wa Kijerumani ilifanya hivyo hasa. Sega linazungushwa, asali inaruka na kugonga ukuta wa pipa, na sega linabaki zima.

Wafugaji hukadiria kwamba nyuki hutumia kilo 6 hadi 8 za asali kutengeneza kilo 1 ya nta. Sega likirudishwa mzingani, asali hiyo haitumiki tena kujengea. Nyuki wanajaza vitundu vilivyopo. Fremu, karatasi ya nta na mashine ya kuzungusha vinafanya kazi pamoja, na kimoja kikikosekana viwili vilivyobaki ni mapambo. Nawaomba wasomaji walikumbuke hilo, maana karne moja na nusu baadaye ndipo lilipoumiza watu wa kwetu.

Kodi, misitu na vita: 1890 hadi 1918

Wajerumani walipoitwaa nchi hii hawakuleta fremu. Walileta kodi ya kibanda na sheria za misitu. Mikoko ya delta ya Rufiji ilikuwa miongoni mwa misitu ya kwanza kabisa nchini kuwekwa chini ya usimamizi wa serikali, mwaka 1898, kwa sababu ya boriti na magome yake. Kodi ilidai fedha taslimu, na kwa mtu wa bonde la Rufiji fedha ilipatikana kwa kuuza kitu cha msituni. Nta ikawa njia mojawapo ya kulipa. Lakini msitu huohuo ulikuwa unaanza kuwa na mwenyewe mwingine.

Kisha ikaja pamba ya kulazimishwa, iliyowatoa watu kwenye kazi zao wakati uleule ambao wangekuwa shambani kwao au porini. Mwezi Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa miche ya pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjeketile Ngwale, aliyetoa maji ya dawa huko Ngarambe, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Majeshi ya Kijerumani yalichoma vijiji na vyakula, njaa ikafuata, na mapori yakapanuka yakiwa na wanyama na mbung'o badala ya watu. Mzinga hauhitaji maji wala palizi, ila unahitaji mtu aliye hai anayekumbuka ameutundika mti gani. Kusini mwa Rufiji kumbukumbu nyingi za namna hiyo zilikatika kati ya 1905 na 1907. Vita Kuu ya Kwanza ikapita juu ya watu haohao kabla hawajapata nafuu.

Milimita tatu: 1919 hadi 1961

Waingereza nao walitaka nta. Kwa muda mrefu walichofanya ni kuhimiza usafi wake na kusimamia biashara yake, na kazi ya mzingani wakawaachia wenyewe. Mwaka 1949 ndipo serikali ya Tanganyika ilipoanzisha kitengo cha ufugaji nyuki, na Tabora, nchi ya miombo, ikawa moyo wa shughuli hiyo. Pwani ilibaki pembeni, na bado inahisi ubaridi wa kuwa pembeni.

Afisa aliyebeba kazi hiyo miaka ya 1950 alikuwa Francis G. Smith, ambaye mwaka 1960 alichapisha kitabu kuhusu ufugaji nyuki katika nchi za joto. Kwa watu wa Bungu jambo kubwa alilolifanya lilikuja mwaka uliofuata. Mwaka 1961 aliwaeleza kisayansi nyuki wa ukanda wa pwani kuwa aina ya peke yake, akawaita Apis mellifera litorea, yaani nyuki wa pwani. Ni wadogo kuliko wenzao wa Ulaya. Mtu yeyote aliyewahi kuumwa na wote wawili atakuambia kwamba udogo huo hauwapunguzii hasira.

Udogo huo una hesabu yake. Kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya lingine, nyuki wa Ulaya wanataka karibu milimita 35. Nyuki wa Afrika wanataka karibu milimita 32. Kitundu cha mtoto wa nyuki wa Ulaya kina upana wa milimita 5 na zaidi. Cha nyuki wetu ni karibu 4.8. Tofauti ya milimita tatu haionekani mbele ya macho ya fundi seremala, na ndiyo iliyoharibu fremu nyingi za Afrika. Sanduku la fremu 10 lililopimwa kwa nyuki wa Ulaya lina nafasi ya fremu 11 za kwetu. Ukiweka 10 kama kitabu kinavyosema, nyuki wanaona pengo la ziada, wanajenga daraja la nta kati ya fremu mbili, na siku ya kukamua unanyanyua moja mbili zinakuja, masega yanapasuka, asali inamwagika juu ya nyuki, nao wanakutokea wote. Mfugaji anafunga sanduku na kusema mzinga wa kisasa haufai. Ukimsikiliza vizuri utakuta ana haki kwa jinsi ulivyotengenezwa.

Miaka hiyohiyo jambo jingine lilikuwa likitokea kusini. Katika miaka ya 1940, kwa sababu ya malale na upanuzi wa pori la Selous, Wangindo walihamishwa kwa maelfu kutoka misitu ya Liwale na kukusanywa kwenye makazi mapya. Wangindo ndio waliojulikana kuliko wote kusini kwa nyuki; mtafiti A. R. W. Crosse-Upcott aliandika mwaka 1956 makala nzima kuhusu upande wa kijamii wa ufugaji wao. Kwao mzinga ulikuwa umefungamana na undugu na njia za porini. Walipohamishwa, mizinga ilibaki nyuma na njia zikaota nyasi. Serikali ileile iliyotaka nta iliwaondoa waliojua kuipata. Sioni namna ya kulisema hilo kwa upole.

Vijiji vipya, mizinga ya mbali: 1968 hadi 1990

Watu wa bonde la Rufiji waliyapata ya kwao baada ya mafuriko ya 1968. Operesheni Rufiji iliwahamisha kutoka mashamba ya mpunga ya bondeni hadi vijiji vya ujamaa vya nchi ya juu, miaka kadhaa kabla ya Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 kuifikia nchi nzima. Kijiji kilileta shule, zahanati na bomba. Kilileta pia umbali. Mwenye mizinga 30 iliyotawanyika juu ya miti ya bondeni sasa alilala mbali nayo, na asali isiyolindwa huvunwa na mwingine. Ufugaji nyuki ukawa kazi ya wazee wachache wasiochoka kutembea. Vijana walipanda mikorosho.

Nje ya Rufiji wataalamu walikuwa wamekubali kwamba fremu ni ghali na ngumu kwa mkulima mdogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 nchini Kenya, kwa msaada wa Kanada na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Guelph, ulibuniwa mzinga wa sanduku refu lenye papi za mbao juu. Nyuki hujenga sega moja chini ya kila papi, na papi zilipimwa kwa nyuki wa Afrika: milimita 32. Tanzania ikawa na mfano wake wa mzinga huo, na Chuo cha Ufugaji Nyuki cha Tabora, kilichoanza mwaka 1978, kikawa kinatoa maofisa wa kuusambaza.

Mzinga wa papi ulitatua nusu ya tatizo. Unatoa sega moja moja, unaacha lenye majana, unachukua lenye asali tu, na nyuki hawahami. Asali inakuwa safi zaidi kuliko ya gogo. Lakini sega hilo halina mbao chini wala kando, wala waya wa kulishika; ukilizungusha kwenye mashine linavunjika. Lazima likatwe na kukamuliwa kwa mkono au kwa kikamulio cha skrubu. Kwa hiyo sega bado halirudi. Kwangu mimi huo ulikuwa uamuzi wa busara kwa wakati ule, maana ulianza na nyuki aliyepo na fedha iliyopo.

Mikoko nayo ilibadilika thamani. Kwa vizazi majahazi yalibeba boriti za Rufiji hadi Zanzibar na Ghuba. Mwaka 1987 serikali ilipiga marufuku ukataji wake, na mwaka 1991 ulitoka mpango wa usimamizi wa mikoko ya Tanzania Bara ulioandaliwa na Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Msitu usiokatwa ulihitaji kumlisha mtu kwa njia nyingine, na mchu, unaostahimili chumvi kuliko mikoko mingine mingi, ni mti wa nyuki.

Sera, daraja na mzinga wa ruzuku: 1998 hadi 2015

Mwaka 1998 Tanzania ilipata Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki, na mwaka 2002 Sheria ya Ufugaji Nyuki. Kwa mara ya kwanza nyuki walikuwa na jina lao juu ya karatasi, badala ya kuwa aya ndani ya sheria ya misitu. Kuanzia 1998 hadi 2003 mradi wa mazingira wa Rufiji chini ya shirika la uhifadhi la IUCN ulikaa na vijiji kupanga matumizi ya misitu yao. Kisha mwaka 2003 likafunguliwa Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji, mahali pa kivuko cha Ndundu. Bungu, iliyokuwa kituo cha njiani kuelekea kwenye foleni ya kivuko, ikawa mji ambao malori ya kusini yanaupita usiku na mchana. Yalipita na korosho, samaki na abiria. Yalipita pia na mbao na mkaa. Mti wa kutundikia mzinga na mti wa kuchomea mkaa ni mti uleule, na mkaa unalipa wiki hii.

Dar es Salaam iliyokuwa ikikua ilitaka asali, na iliitaka kwenye chupa, nyepesi, inayopenywa na mwanga, bila vipande vya nta. Hapo ndipo soko lilipogeuka rasmi. Baada ya karne nyingi za nta, asali ikawa bidhaa na sega likawa kikwazo cha kuchujwa. Mizengo Pinda, Waziri Mkuu kuanzia 2008 hadi 2015 na mfugaji nyuki mwenyewe, alizungumzia nyuki karibu kila jukwaa. Vikundi vya wanawake na vijana vikaundwa, mizinga ya kisasa ikagawiwa, na Novemba 2014 Arusha ikawa mwenyeji wa kongamano la kimataifa la nyuki wa Afrika la shirikisho la Apimondia.

Yalikuwa mema, na nayasema kwa moyo mmoja. Lakini vile vitu vitatu nilivyoomba vikumbukwe havikufika pamoja. Mara nyingi mzinga ulifika kabla ya mashine, na pengine mashine haikufika kabisa. Kikundi kilipewa masanduku ya fremu, kikasubiri, nyuki wakaingia, fremu zikajaa. Siku ya kuvuna hapakuwa na pipa la kuzungushia, wala kisu cha kuondolea vifuniko, wala karatasi ya nta ya fremu mpya. Watu wakafanya walichojua: wakakata masega kutoka kwenye fremu kwa kisu na kuyakamua kwa mikono. Fremu tupu ikarudishwa. Kwa gharama ya mzinga wa mbao walikuwa wamenunua gogo la mraba.

Chumba cha kukamulia: kuanzia 2016

Kibiti ilipogawanywa kutoka Rufiji na kuwa wilaya yake, Bungu ikajikuta na makao ya wilaya jirani zaidi. Mwanzo wake haukuwa mwepesi. Mfululizo wa mauaji ulizikumba Kibiti, Rufiji na Mkuranga hadi mwaka 2017; wakati huo pikipiki zilikatazwa kutembea usiku na watu waliogopa vichaka. Anayejua kwamba kurina ni kazi ya giza ataelewa maana yake kwa mzinga ulio porini.

Utulivu uliporudi, wengine waliisogeza mizinga karibu, kwenye mikorosho iliyo nyuma ya nyumba, wakiwa na masanduku mawili au matano, si hamsini. Huyo ndiye mfugaji mdogo wa fremu ninayemzungumzia. Mashine yake ni ya kukodi au ya kikundi, pipa la fremu tatu au nne lenye mkono wa kuzungushia juu, na kazi yake inakwenda hivi.

Jua likizama anafungua sanduku la juu. Anapuliza moshi kidogo, maana moshi mwingi hunukia ndani ya asali. Ananyanyua fremu na kutazama vifuniko: nyuki wakishaikausha asali huifunika kwa nta nyeupe, na fremu isiyofunikwa angalau robo tatu hairinwi. Akiwa na shaka anailaza na kuitikisa mara moja; matone yakiruka, ni mbichi. Sheria hii ina uzito zaidi Bungu kuliko Tabora. Hewa ya pwani ina unyevu, asali hunywa unyevu huo, na ikizidi asilimia 20 ya maji inachacha ndani ya chupa ya mteja.

Fremu zinafutwa nyuki kwa brashi au kwa jani la mnazi, zinaingizwa kwenye ndoo yenye kifuniko na kukimbizwa ndani. Milango inafungwa, madirisha yanazibwa. Nyuki wakiigundua harufu asubuhi watakuja kwa maelfu kuiba mali yao, kwa hiyo kila kitu kinapaswa kuisha na kuoshwa kabla ya mapambazuko. Joto la chumba linasaidia: asali yenye uvuguvugu hutiririka, na usiku wa Bungu hauna upungufu wa uvuguvugu.

Kisu kirefu kinachovywa kwenye maji ya moto, kinafutwa, kinapita juu ya sega kutoka chini kwenda juu na kuondoa vifuniko kama ganda jembamba. Vifuniko vinaangukia kwenye chujio, navyo ndivyo vitakavyochemshwa kuwa nta. Mrinaji wetu wa 1900 angefarijika kidogo hapa. Fremu zinasimamishwa pipani zikiwa na uzito unaolingana, la sivyo pipa litacheza na kutembea sakafuni. Kisha mkono unazungushwa polepole. Hapo ndipo wengi hukosea. Sega jipya ni laini, na upande wa ndani bado umejaa. Ukizungusha kwa nguvu tangu mwanzo, asali ya ndani inalisukuma sega nje na kulipasua. Unatoa nusu ya upande wa kwanza, unageuza fremu, unatoa upande wa pili wote, unageuza tena na kumalizia wa kwanza. Asali inagonga ukuta kwa sauti kama manyunyu juu ya bati.

Inachujwa mara mbili, inaachwa itulie siku moja au mbili kwenye ndoo yenye bomba, povu linapanda na kuenguliwa. Mwenye kipimo cha unyevu anapima. Kisha chupa, na kibanda cha barabarani katikati ya korosho na maembe, ambapo msafiri wa basi la Mtwara anaitazama kwa mashaka, anachovya kidole, anauliza kama imechanganywa sukari.

Wenye fremu hawajaufuta mzinga wa gogo. Bado upo juu ya miti ya upande wa pori na pembezoni mwa delta, na pale ulipo una hoja: hausogezwi, na mafuriko kama yale ya Aprili 2024 yaliyofunika mashamba ya Rufiji na Kibiti yanapita chini yake. Sanduku lililowekwa juu ya vigingi halina usalama huo. Wafugaji wa bondeni walioiga wazee hulitundika sanduku kwa waya kati ya miti miwili, fremu zikiwa ndani na urefu wa wazee ukiwa nje.

Na mafundi seremala wameanza kupima upya. Sanduku lile la fremu 10 linabeba 11, umbali kutoka katikati ya fremu moja hadi katikati ya nyingine ukiwa milimita 32. Daraja la nta halijengwi tena katikati, fremu inanyanyuka peke yake.

Kesho yake jioni fremu zilizokamuliwa, bado zinanata, zinarudishwa kwenye sanduku la juu. Anayerudisha hasubiri. Anafunga kifuniko, anaondoka, na nyuma yake sauti ya mzinga inapanda: nyuki wanalamba kila kitundu, wanatengeneza kingo zilizokatwa na kisu, wanasafisha chumba walichokwisha kukijenga. Mikorosho ikianza kuchanua, wanaanza kujaza.